Mama Mdogo na Ukurasa wa Mwanzilishi

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, mama mdogo lazima arekebishe kosa moja. Anakaa ukingoni mwa kitanda na simu yake, anafungua ensaiklopidia ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea, anatafuta. Labda mtu amezeeshwa miaka kumi, labda mto umeelekezwa upande usio wake. Akishalinyoosha anasema, "Haya, dunia imekaa sawa kidogo," ndipo anakwenda bafuni. Halipwi hata senti. Bibi humwambia, "Wenzio wanafagia uani kwao, wewe unafagia barabara kuu."

Kazi ya kumlisha ilikuwa ukarani, kwenye kiwanda cha magodoro ambako na mimi nashona vitambaa vya kuyavalisha. Meza yangu inatazamana na kioo cha ofisi, na mlango wa ofisi haufungi vizuri. Kwa hiyo ya ofisini nayajua.

Mwenye kiwanda tunamwita Mwanzilishi. Jina hilo hatukumbandika sisi, alijibandika mwenyewe, mlangoni, kwa herufi kubwa. Si mtu mbaya. Mfanyakazi akiugua anampeleka hospitali kwa gari lake, tena kiti cha mbele. Ila jirani yake mwenye kiwanda cha viti alikuwa na ukurasa kwenye ile ensaiklopidia, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi mpwa wake, fundi wa kompyuta, akamwandikia ukurasa na yeye. Haukukaa sana, wale wa kujitolea wakaufungulia mjadala: ubaki au ufutwe? Kanuni yao mama mdogo alinieleza tukila. Mtu anaingia kama habari zake zimeandikwa na watu wasio wake, ambao hawakutumwa naye. Mpwa akaleta taarifa tatu za magazeti. Wachangiaji wakaanza kulegea. "Magazeti matatu si haba," mmoja akaandika.

Mama mdogo alizisoma zile taarifa akazitambua. Maneno yalikuwa yake! Yeye ndiye aliyekuwa akiandika matangazo ya kiwanda na kuyatuma, na magazeti yakayachapa vilevile, mpaka ile sentensi yake aliyoipenda: "Mgongo uliolala vizuri haugombani na asubuhi." Hakuna mwandishi aliyewahi kukanyaga kiwandani kwetu.

Mwanzilishi akamwita. "Dada, nasikia kule wewe ni mkubwa. Tia neno lako, wamalize."

"Siwezi, bosi. Mimi ni mtu wako."

"Ndiyo maana unanijua! Nani ananijua kama wewe?"

"Hapo ndipo penye shida."

"Na yule wa viti aliwezaje?"

"Kiwanda chake kiliungua, bosi. Waandishi walikuja wenyewe."

"Kwa hiyo unataka na mimi niwashe kiberiti?"

Mkata sponji alicheka mpaka ikabidi azime mashine. Mwanzilishi akashusha sauti. "Basi usiseme lolote. Kunyamaza tu. Kuna ubaya gani?"

Hilo ndilo lililomtesa mama mdogo. Nyumbani akatia chumvi mara mbili kwenye mboga, tukala hivyohivyo.

"Kwani ukinyamaza?" nikamuuliza.

"Nikinyamaza, kila nitakachogusa kule kitanuka."

Kesho yake, wenzetu wakiwa wametoka kula, nikamwona anaandika kwenye simu, bila haraka. Kisha akaingia kwa Mwanzilishi akamsomea mwenyewe aliyoyaweka kwenye mjadala, asije akaambiwa na watu: "Mimi ni karani wake. Taarifa zote tatu zimetokana na matangazo niliyoandika mimi. Zisihesabiwe."

"Futa," Mwanzilishi akasema.

"Kule hakufutiki hivyo, bosi. Hata nikiyaondoa, yanabaki kwenye kumbukumbu, na kila mtu anaona nani kayaondoa."

"Kwa hiyo mimi si kitu?"

"Nani kasema? Watu wote hawa wanakula kwa mkono wako. Mama yangu mzazi hayumo mle, na ndiye aliyenizaa. Kutokuwemo si aibu."

Mwanzilishi akakisukuma kiti chake nyuma. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa kama mtoto aliyenyimwa zamu ya kucheza. "Ama useme umekosea, ama utafute kazi kwingine. Nenda kale kwanza, ufikirie."

"Nimeshafikiri, bosi. Asante kwa yote."

Akachukua kikombe chake, chaja na kandambili za ofisini. Nilitegemea machozi. Alipopita mezani kwangu uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyevua kiatu kinachobana, na alikuwa anajizuia kucheka.

"Utanikuta nyumbani," akaniambia. "Nitakuwa nimelala."

Wakata sponji walikuwa wanarudi kutoka kula, akawaaga mmoja mmoja. Mlinzi alikuwa ameshaambiwa na Mwanzilishi asifunge geti dogo, karani anakwenda kula tu, atarudi.

"Wewe funga, kaka," mama mdogo akamwambia, akatoka.

Mlinzi hakufunga. Aliliacha wazi mpaka tulipotoka kazini jioni, na aliyepita pale alikuwa paka tu.