Mkono wa Baba Mkwe

Mtu anayeswali hasalimiwi, wala hajibu salamu. Si kiburi. Akishainua mikono na kusema Allahu Akbar, ameyaacha maneno yote ya dunia, na hayarudii mpaka amalize kwa kutoa salamu kulia na kushoto. Nilizaliwa Thika katika nyumba ya Kiislamu, kwa hiyo sikumbuki hata siku niliyofundishwa jambo hili. Lakini majirani zangu hapa Ruiru wengi ni watu wa kanisa. Huniuliza, nami huwaeleza. Napenda kueleza. Anayeuliza huwa tayari amesogea karibu.

Baba mkwe wangu hakuwahi kuuliza. Ni mkulima wa Kalimoni na mzee wa kanisa, na binti yake aliposilimu tukaoana, alimwambia asikanyage boma lake tena. Wajukuu wake aliwajua kwa picha tu. Kisha mwaka jana, bila mtu kumsihi, akanipigia simu.

"Kijana, nataka nione kwanza hapo mahali mnaombea. Nikiona ni watu kama watu wengine, utaniletea msichana wangu nyumbani."

Nilimweleza yote, polepole: viatu huvuliwa mlangoni, mguu wa kulia hutangulia, simu huzimwa, na imamu akihutubu hakuna kuongea, hata kunong'ona. Alikuwa akiitikia "Ĩĩ, sawa" kama mwanafunzi mwema. Magoti yake hayawezi kukaa chini, hivyo nikamwekea kiti cha plastiki nyuma, karibu na mlango. Sikumwambia asisalimie watu. Nani humwambia mzee wa Kikuyu jambo kama hilo?

Ijumaa aliyokuja alichelewa, na hotuba ilikuwa imeanza. Nilimwona akiingia, viatu mkononi, mguu wa kulia mbele. Akavua kofia kwa heshima, kama afanyavyo kanisani, na sisi karibu sote tumevaa zetu. Halafu akaanza kutoa mkono. Kwao huwezi kuingia penye watu ukakaa tu kabla ya kuwashika mikono. Wawili wa kwanza waliupokea kimya kimya, Mungu awabariki. Wa tatu alikuwa amesimama, anaswali rakaa mbili za kuamkia msikiti. Mzee akamnyoshea mkono, akangoja. Akaunyosha zaidi.

"Habari yako, bwana."

Mjumbe mmoja wa kamati ya msikiti akageuka kutoka safu ya mbele, akafoka: "Nani ameingiza huyu? Hapa si baraza ya chifu! Kaa chini ama utoke!"

Mtu akacheka. Imamu akasita kidogo, kisha akaendelea.

Kuna adabu nyingine inayofaa kuelezwa hapa. Ukimwambia mwenzako "nyamaza" imamu anapohutubu, wewe mwenyewe umeshaongea upuuzi na umeipunguzia Ijumaa yako thawabu. Mjumbe huyo ndiye hutufundisha hivyo kila Ramadhani. Nikainuka, nikamwendea baba mkwe, nikaushika ule mkono. Akaniangalia usoni akingoja neno. Nikafunga mdomo, nikamwonyesha kiti.

Akageuka akatoka. Nikamfuata hadi penye viatu.

"Baba, yule alikuwa anaswali. Hangeweza kukujibu."

"Anaomba na macho wazi hivyo?"

"Sisi huswali macho wazi."

"Haya, hapo nimekosea mimi. Mimi nikiona macho, najua mtu yuko. Na huyu wa kupiga kelele, pia yeye alikuwa anaomba?"

"Hapana."

"Kwa hivyo yeye ameruhusiwa kuongea."

"Hajaruhusiwa, Baba."

"Na ameongea." Alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. "Ameuliza ni nani ameniingiza. Nimengoja, nikajua sasa kijana atasema, 'Huyu ni wangu.'"

Nikaanza kumweleza kuhusu hotuba, na kwamba ukimya ule ni ibada. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akavaa kofia.

"Mambo ya kuja nyumbani, tuwache kwanza," akasema, akavuka barabara kwenda stendi.

Nilirudi ndani, nikaswali nao. Tulipomaliza, yule mjumbe akanishika bega kwa upole. "Ndugu yangu, ukileta mgeni, umfundishe adabu kwanza." Wanaume wawili wakatikisa kichwa kukubali. Nikasema inshallah, maana hapo sasa kuongea kulikuwa ruhusa.

Nyumbani nilimkuta mke wangu amekunja blanketi jipya alilomnunulia mama yake, kando yake ameweka sukari na majani ya chai. Nikakaa. Nikaanza tangu mwanzo, kama kawaida yangu: kwamba mtu anayeswali hasalimiwi.

"Baba watoto," akanikata, "niambie tu. Tunaenda ama hatuendi?"

"Hatuendi."

Niliendelea kumweleza kwa nini. Yeye akachukua ile sukari, akaenda nayo jikoni, akaimimina kwenye mkebe wetu.