Mtu Aliyemwaga Sombe Yangu

Aliimwaga sufuria nzima kwenye mfereji wa maji machafu, mbele ya wanawake wote wa jikoni. Sombe, kisamvu nilichokitwanga tangu alfajiri, ikateremka kwenye saruji hadi ikagusa viatu vyangu. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo tu, ningeweza kuirekebisha. Hakunipa nafasi.

"Weye, kwenu kule Kasai njo banapikaka hivi?" aliniuliza kwa sauti ya kusikika hadi nje, walikopanga foleni wafanyakazi. "Okota na mikono!"

Kasai mimi sijawahi hata kufika. Babu yangu ndiye aliyeletwa huku kuchimba migodi. Mama yangu na mimi tumezaliwa Likasi. Nilipiga magoti nikaokota. Wenzangu walikuwa wameegemea ukuta, macho chini, na siwalaumu, kwani sote tulikuwa na watoto nyumbani na yule ndiye aliyekuwa shefu wetu, katika kantini ya kiwanda kimoja kidogo mtaani Shituru. Pale chini niliapa kwamba nitakaa mahali pake, na yeye atainama.

Watu husema chuki humla mwenye nayo. Yangu ilinilisha. Kwa ajili yake nilijiandikisha masomo ya Kifaransa parokiani, maana wakubwa wa kiwanda hawakumsikiliza asiyekijua. Nilijizoeza kusema bila kutetemeka huku nikifua, nikiyajibu mashati ya mume wangu kana kwamba ndiyo shefu. Na nilimsoma shefu mwenyewe. Akimkemea mtu, niliangalia kazi gani inaharibika baadaye. Akichelewa, alinikuta nimeshafika. Alipomwita mwenzetu mmoja mjinga, nilingoja atoke, nikamwonyesha yule mama namna ya kusonga bukari, ugali wetu, isifanye mabonge. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilikuwa namnyang'anya watu wake.

Asubuhi moja umeme wa bwawa la Mwadingusha ukakatika, majiko yakafa, nyama bado mbichi. Shefu alipiga teke mlango, akatutukana kana kwamba sisi ndio tuliokata nyaya, kisha akaenda kulalamika kwa mkurugenzi. Nyumba zetu zilikuwa karibu. Nikawaambia wenzangu, "Kila mutu akimbie kwake, alete mbabula na makala." Tukawasha mbabula zote, yale majiko madogo ya makaa, uani. Shefu aliporudi na mkurugenzi saa ya chakula, watu walikuwa wanakula.

"Nani alipanga hii?" mkurugenzi akauliza.

Hakuna aliyenyoosha kidole. Wote walinitazama tu.

Baada ya miezi michache nikawekwa kuwa shefu. Walitaka kumfukuza yule wa zamani. Mimi ndiye niliyeomba abaki kama mpishi, chini yangu. Mkurugenzi akausifu moyo wangu. Hakujua kwamba nilimtaka karibu.

Nikangoja. Siku ikafika: aliunguza maharagwe, harufu ikatanda hadi barabarani. Nilishika sufuria kwa vitambaa viwili, nikauelekea mfereji. Nikasikia viatu vinaburuzwa nyuma yangu. Wanawake walikuwa wanarudi ukutani, macho chini, na safari hii waliyemwogopa ni mimi.

Nikaiweka sufuria chini. Lakini msidhani nilisamehe.

"Papa," nilimwambia, kwa upole uliokuwa mtamu mdomoni mwangu kuliko tusi lolote, "enda ku dirisha. Uambie bantu weye mwenyewe."

"Nibaambie nini?"

"Kama njo weye uliunguza."

Alifuta mikono kwa aproni. Kisha akafungua dirisha la kupakulia. "Ni miye... njo niliunguza maharagwe. Chakula itachelewa. Pole." Foleni ikacheka. Mmoja akapaza sauti, "Papa, kumbe pole unaijua!" Masikio yake yalikuwa mekundu kama udongo wetu. Nilikula kicheko kile kama muwa, kipande kwa kipande.

Sikujua nimejifunga mwenyewe. Wiki iliyofuata nilisahau kuagiza unga. Mama aliyetuzidi sote umri akakunja mikono: "Mama shefu, dirisha ni ya bote, ao ni ya papa tu?" Shefu wa zamani alikuwa anamenya vitunguu pembeni, na tabasamu lake hakulificha. Ningeweza kumfukuza yule mama. Nilitaka. Badala yake nilienda dirishani, mashavu yakiwaka, nikasema bukari haipo kwa sababu yangu.

Tangu hapo ikawa desturi. Hakuna tena aliyeficha sufuria iliyoharibika. Walikuja kuniambia mapema, kungali na cha kuokolewa. Jiko likatulia. Mkurugenzi huwaambia wageni kwamba nilizaliwa kiongozi, nami huitikia kwa kichwa.

Mwaka jana yule mzee alistaafu, akahamia Lubumbashi kwa binti yake. Siku ya kuondoka alinijia, kofia mkononi.

"Mama shefu, mambo ya zamani, umeisha kusahau?"

"Apana, papa."

"Hata kunisamehe?"

"Bus itakuacha, papa."

Alivaa kofia, akawaaga wengine mmoja mmoja. Wenzangu waliniambia nina moyo mgumu. Kuongoza watu nimejifunza. Hilo lingine sijalitafutia mwalimu. Nikawaambia waanze kupakua, watu walikuwa wamefika.