Mashine Iliyopimwa Kwenye Baridi

Kinsi Barre hakuamini nambari zilizochapwa kwenye boksi. Akitaka kujua kama kompyuta inaweza kuonyesha video papo hapo, alisimama mbele ya kamera na kupiga makofi. Ukisikia kofi kwanza, halafu mikono ikakutana baadaye kwenye picha iliyorushwa ukutani, mashine hiyo haifai. Kisha alitazama pembe ya skrini, mahali programu ilipohesabu picha zinazopita kila sekunde, akaiandika hesabu kwa penseli katika daftari la shule. Saa nane mchana alirudia yote tangu mwanzo.

Nilimjua tangu nikiwa mdogo. Alikuwa jirani yetu mtaani Waberi, nami nilimwita eeddo, kama sisi Wasomali tunavyomwita shangazi, ingawa hatuna udugu wa karibu. Mumewe, Warfa, alikuwa fundi wa redio na televisheni. Alipofariki mwaka 1991, watu walikuja kununua vifaa vyake wakamkuta Kinsi ameketi kwenye kiti cha marehemu, ameshika chuma cha kulehemu.

"Leteni redio," aliwaambia. "Vifaa haviuzwi."

Katika harusi za kwetu wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao, na nikaha husomwa kwa wanaume. Mama wa bibi harusi husubiri aletewe habari kwamba imekwisha. Mwaka 1994 Kinsi alipitisha waya chini ya mikeka, kutoka kamera aliyoitegesha kwa wanaume kabla hawajaingia hadi televisheni iliyokaa kwa wanawake, na kina mama wakamwona kadhi akisoma nikaha wakati uleule alipokuwa akiisoma. Upande wa wanawake hakuurekodi hata mara moja. Ndiyo maana kila nyumba ilimfungulia mlango.

Kufikia mwaka 1998 alikuwa na kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipande vilivyotoka Eastleigh. Kasi yake ilikuwa megahezi mia tatu tu. Lakini ilikuwa na kadi ya picha yenye kumbukumbu yake yenyewe, na feni mbili, moja akiwa ameing'oa kwenye projekta iliyokufa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, shirika moja la misaada lililokuwa na ofisi mjini lilitaka kuwafundisha wakunga wa jadi katika kambi ya wakimbizi ya Ifo. Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa changu kimejaa mambo ya haki na maendeleo, nikaajiriwa pale kuwa karani. Mkunga hodari, Istahil, angekuja kwa siku moja. Angewaonyesha wanawake mia na arobaini jinsi ya kukanda mji wa mimba ili damu ikatike baada ya kujifungua. Wote wasingeweza kumzunguka kwenye meza moja. Kwa hiyo kamera ya kwanza ingelenga mikono yake, na ya pili ingelenga mji wa mimba wa kitambaa uliopasuliwa ubavuni, waone ndani unavyojikaza. Programu ya kompyuta ingeweka picha hizo mbili bega kwa bega ukutani, na chini yake maneno ya Kisomali: bonyeza, legeza.

Mwanamume hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo mtambo ungeendeshwa na Kinsi. Hakuhitaji kubembelezwa. Mdogo wake, Weris, alikufa kwa kutokwa na damu huko Habaswein, amezungukwa na wanawake watatu ambao hawakujua waweke wapi mikono yao.

Ununuzi ulikuwa chini ya Mustafe. Alileta kompyuta mpya ya megahezi mia nne na hamsini, iliyotoka katika duka la shemeji yake, akaiweka mezani ofisini, chini ya kiyoyozi kilichotutia baridi hadi tukavaa sweta. Akamwita Kinsi aione.

"Mia nne na hamsini kwa mia tatu, abaayo," alisema. Abaayo ni dada, na Mustafe alilitumia neno hilo kila alipotaka kitu. "Hata mtoto wa darasa la pili anajua kubwa ni ipi."

"Umefungua nini ndani yake?"

"Picha."

"Picha ya nini?"

"Maua."

"Maua yanatembea?"

Mustafe alicheka peke yake. Kinsi aliinama, akachungulia nyuma ya mashine. "Haina kadi ya picha. Inaazima kumbukumbu kwa mashine yenyewe. Na feni ni moja." Akainuka. "Baba yako alifuga wapi, Mustafe?"

"Habaswein. Unajua."

"Alinunua ngamia wa mizigo akiwa amesimama?"

Hakuna mfugaji wa kwetu anayenunua ngamia wa mizigo kwa kumtazama tu. Hupigishwa magoti, hupakiwa mikeka, miti na vibuyu vya maji, huinuliwa, halafu hutembezwa juani. Mustafe alilijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Kinachonitia kinyaa hadi leo ni kwamba si ujinga uliomtuma. Mgeni kutoka mbali angeweza kusamehewa.

"Hii si ngamia," Mustafe alisema. "Ina dhamana ya mwaka mzima."

"Mama akitokwa na damu, dhamana itamkanda?"

Kinsi alidai jaribio, na mkuu wa ofisi, mtu wa bara asiyejua Kisomali, akauliza kuna nini.

"Hii mashine mnapima kwa baridi," Kinsi alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kazi iko kwa joto. Peleka kwa joto, weka mizigo, halafu tuone."

Mkuu alikubali. Tulizibeba kompyuta zote mbili hadi ghala moja la mabati, tukaziba madirisha kwa mablanketi, kwa sababu projekta haionyeshi kitu penye mwanga. Saa nane kipimajoto kilisoma nyuzi arobaini na moja. Kinsi aliunganisha kamera mbili na maneno, akapiga makofi, akaandika. Mashine yake ilitoa picha ishirini na mbili kila sekunde. Baada ya saa moja ikatoa ishirini na moja, na baada ya saa mbili ishirini na moja tena. Kofi na mikono vilikwenda pamoja.

Ile mpya ilianza na ishirini na nne. Mustafe aliangalia saa yake na kutabasamu. Robo saa baadaye ilikuwa kumi na tano, kisha tisa, na makofi ya Kinsi yakawa yanasikika kabla ya mikono kukutana. Nusu saa ilipotimia picha ilisimama kabisa, viganja vya Kinsi vikiwa wazi ukutani kama vya mtu anayeomba dua.

"Sasa fikiria ni Istahil," Kinsi alisema, akijipangusa uso kwa ncha ya shuka. "Anasema bonyeza, na ukutani mkono uko juu. Anasema legeza, na ukutani ndiyo kwanza unabonyeza. Mwanamke wa nyuma atajifunza nini?"

Mustafe alilichukua daftari, akalifungua, akalifunga. "Hili ni daftari la watoto," alisema.

Kesho yake alinipa ripoti niichape. Alikuwa ameandika kwamba kompyuta mpya ilitoa picha ishirini na nne kwa sekunde na ile ya zamani ishirini na mbili. Hakuongeza hata nambari moja ya uongo. Alichukua dakika ya kwanza akazitupa nyingine zote. Nilimwambia haikuwa haki. Akaniuliza kama chuoni tulifundishwa kwamba ishirini na mbili ni kubwa kuliko ishirini na nne. Niliichapa, kwa vidole hivi hivi ninavyoandikia sasa. Mkuu, ambaye hakufika ghalani, aliisoma akaipitisha mashine mpya.

Siku ya safari Kinsi alifika alfajiri na mashine yake imefungwa kwenye blanketi, iwe akiba. Mustafe aliizuia mlangoni mwa gari.

"Gari hubeba vilivyoorodheshwa tu, abaayo."

Nyuma ya gari kulikuwa na kreti nne za soda na godoro la Mustafe. Sikuona godoro kwenye orodha. Kinsi alilitazama godoro, akamtazama Mustafe, akanipa mashine niikimbize kwake kabla hatujaondoka.

Huko Ifo wanawake waliketi ndani ya ukumbi wa mabati tangu asubuhi. Sisi wanaume tulibaki nje, kivulini mwa gari, na soda zetu. Mafunzo yalianza saa saba, baada ya hotuba ndefu zilizosomwa kupitia kipaza sauti kilichopachikwa mlangoni. Nilisikia makofi ya Kinsi, moja, mawili, matatu. Kisha Istahil akaanza, "Bonyeza. Legeza. Bonyeza."

Dakika ishirini baadaye nilisikia wanawake wakicheka, kicheko cha watu waliochanganyikiwa. Istahil akatokea mlangoni, mikono imelowa, kanga imefungwa kiunoni.

"Mashine yenu imesimama."

"Mwambie azime, halafu awashe," Mustafe alisema bila kuinuka.

Sauti ya Kinsi ikatoka nyuma ya pazia. "Nimewasha mara nne."

"Haiwezekani. Hiyo ni mia nne na hamsini."

"Basi ingia uwaambie hawa. Labda hawajasikia."

Mustafe alinywa soda yake. Alikuwa amechagua mashine kwa ajili ya chumba ambacho asingekanyaga, na alijua hakuna mwanamume atakayeona ilivyokufa. Nilimtazama akipangusa povu mdomoni.

Kinsi, kama alivyonisimulia baadaye, aling'oa nyaya kwenye kompyuta, akaichomeka kamera ya kwanza moja kwa moja kwenye projekta. Mikono ya Istahil ilirudi ukutani, lakini mji wa mimba wa kitambaa haukuonekana, wala maneno. Wanawake waliona mahali pa kubonyeza na hawakuona kinachotokea chini ya kiganja. Istahil ikabidi awaite mezani kumi kumi na kuwaonyesha upya. Polisi waliosindikiza msafara wetu walipopiga honi ya kuondoka saa kumi na moja, arobaini walikuwa hawajafika mezani.

Wiki ile ile Mustafe alileta karatasi nyingine. Mafunzo yamefaulu, ilisema, na mtambo ulifanya kazi kwa kiwango cha juu. Kwa hiyo inunuliwe mingine kumi kama huo kwa ajili ya Wajir na Mandera. Chini palitakiwa sahihi ya mwanamke aliyeendesha mtambo.

"Ni karatasi tu, abaayo," alimwambia Kinsi, amemfuata kwenye karakana yake ya redio. "Ukitia sahihi, kazi ya Wajir na Mandera ni yako."

Kinsi aliomba kalamu. Mustafe alimpa ya kwake, amefurahi. Kinsi aliandika polepole, kwa herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: dakika ya kwanza 24, robo saa 15, nusu saa 0, wanawake arobaini hawakuona. Kisha akatia sahihi chini ya maneno yake, si chini ya yale yaliyochapwa.

"Umeiharibu," Mustafe alisema.

"Nimeipakia mizigo. Sasa iinue tuone."

Kazi ya Wajir na Mandera aliikosa. Mustafe aliniletea fomu mpya niichape upya, nikakataa, akaichapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Iliporudi ilikuwa na sahihi ya Sharifo, mke wake, ambaye hakuwahi kufika Ifo na hakujua kompyuta huwashwa wapi. Karatasi ilitaka mwanamke, naye alikuwa na mwanamke nyumbani. Mashine kumi ziliagizwa. Mkuu wa ofisi niliyemwonyesha daftari la Kinsi aliniambia nina moto wa ujana, nipumzike. Nilipumzika kweli, sikurudi kazini kwake tena.

Jumatatu iliyofuata nilimsaidia Kinsi kupakia kompyuta yake kwenye gari la punda hadi kituo cha mabasi. Istahil alikuwa ameshapata kiti kwenye basi la Ifo. Projekta waliiazima kwa mwalimu mmoja wa kambi. Kondakta alitaka kulirusha lile furushi la blanketi juu ya basi, pamoja na magunia.

"Hiyo hapana," Kinsi alimwambia. "Hiyo inakaa na mimi."

"Mama, ni mtoto?"

"Kuna arobaini wanaingojea. Sogea."

Aliipakata magotini. Basi lilipoondoka nilipita mbele ya ofisi. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na Mustafe alikuwa amevaa sweta mbele ya ile mashine ya mia nne na hamsini, akicheza karata kwenye skrini yake.