Kifua cha Baba Mdogo

Utafiti wetu ulitaka kujua jambo moja: moyo unapopiga bila mpangilio, ubongo huanza kuumia lini? Profesa alinichukua mara tu nilipomaliza chuo kikuu, kwa kuwa nilijua kutumia mashine ya kupima umeme wa moyo na nilijua Ekegusii, lugha ya kwetu. Akanituma nyumbani. Jumapili moja, Wasabato wakiwa hawana ibada, tulitandika kitanda katika ukumbi wa kanisa lao karibu na Itumbe, tukawaita wakulima wa chai waliozidi miaka sitini.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, alikuja mapema. Alikuwa akilalamika kwa miezi kwamba moyo wake unarukaruka. Aliponiona kando ya kitanda, alisimama.

"Ni wewe unapima?"

"Ni mimi. Vua shati, baba mdogo."

"Mbele yako?"

Kwetu kuna chinsoni, ile aibu ya heshima kati ya baba na mwana. Baba havui nguo mbele ya mwanawe, na mtoto wa ndugu yake ni mwanawe vilevile. Niliijua vizuri. Baba yangu alikufa na uvimbe aliokuwa ameuficha chini ya fulana kwa sababu ya aibu hiyohiyo, nami niliapa sitaiheshimu tena.

Muuguzi wetu, mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa, alinivuta kando. "Toka nje dakika tano. Nitambandika waya mimi. Kazi ni ileile."

Angeweza. Lakini mimi sikutaka tu kumpima mzee, nilitaka kumshinda. Nikapaza sauti ili foleni nzima isikie: "Ukipelekwa kupasuliwa Kisii, utamuuliza daktari ni mtoto wa nani? Una nini kifuani ambacho ng'ombe hana?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja kwenye benchi akadakia, "Vua bwana, pengine umeficha dhahabu!"

Vidole vya baba mdogo vilihangaika na vifungo. Alilala akitazama mabati, nami nikampaka jeli baridi, nikambandika waya mmoja baada ya mwingine, taratibu kuliko ilivyohitajika. Nisidanganye: nilifurahi.

Karatasi ilitoka na mapigo yasiyo na mpangilio wowote. Nilimweleza kwamba damu inaweza kuganda ndani ya moyo wa namna hiyo, donge likapanda hadi kichwani. Dawa zipo, nikasema, aende kliniki Nyamira wiki hiyohiyo. Yeye alikuwa akifunga vifungo hadi shingoni.

"Umemaliza?"

"Nisikilize kwanza. Hii inaweza kukuua."

"Momura, kijana, nimekuuliza. Umemaliza?"

Akachukua barua ya kliniki, akatoka bila kumuaga mtu.

"Huyo haendi," muuguzi akasema. "Kliniki ni kuvua tena."

"Ni mtu mzima. Barua anayo."

Kanuni za utafiti zilinitaka nimfuate nyumbani kila aliyekutwa na hatari. Wengine niliwafuata. Kwa miezi miwili nilipita mbele ya lango lake mara nyingi, na kila mara nilitazama upande wa pili. Nilikuwa nangoja aje mwenyewe aseme nilikuwa sahihi.

Kiharusi kilimkuta akichuma chai asubuhi. Mama mdogo, mkewe, alimpata kifudifudi kati ya michai, kikapu kikiwa bado mgongoni. Upande wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yamekwisha.

Nilimpigia profesa. "Tunayo rekodi ya moyo wake kabla ya kiharusi?" akauliza. "Kweli? Mpeleke Kisii apigwe picha ya ubongo leo. Mgonjwa kama huyu hapatikani!" Nilisikia furaha katika sauti yake. Nilipomjibu, niliisikia katika yangu pia.

Picha ilionyesha doa upande wa kushoto, pale maneno yanapotengenezwa. Ilibaki fomu ya ridhaa, na kwa kuwa mgonjwa hawezi kusema, mkewe ndiye wa kutia kidole. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne.

"Hii ndiyo ya dawa?" mama mdogo akauliza.

Haikuwa na habari ya dawa hata mstari mmoja. Ilituruhusu kuuchapisha moyo wake na ubongo wake na kuwaonyesha wanasayansi popote. Nilikuwa nimefundishwa kusimama hapo, nimsomee kila neno kwa lugha yake.

Baba mdogo alikuwa akinitazama. Daktari alisema anaelewa kila kitu. Alianza kupiga chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto, huku akitoa sauti moja tu, ileile, tena na tena.

"Anataka nini?" mama mdogo akauliza.

"Amechoka," nikasema. "Weka hapa, mama mdogo."

Nilikishika kidole chake, nikakichovya kwenye wino, nikakibonyeza kwenye karatasi. Akanishukuru, akaniombea baraka kwa kuwa mtoto wa nyumbani.