Mgeni wa Yeshimebet

Debre Berhan, mji wetu wa milimani Ethiopia, kuna baridi ya kukata masikio, na bado Yeshimebet alilala bila kufunga mlango. Aliurudishia tu, komeo hakutia. Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, alifia ndani amejifungia, na hatukujua mpaka harufu ilipotuita. Tangu hapo Yeshimebet akawa anaogopa mambo mawili kwa mpigo: akifunga, atakufa asijulikane, asipofunga, ataingia mwizi, au fisi. Fisi wa kwetu hawana haya, mjini wanaingia.

"Si uchague kimoja," nilimwambia. "Huwezi kufa na kuibiwa siku moja."

"Cheka tu, Aregash. Wewe una mume anakukoromea. Mimi hata wa kunikoromea sina."

Hapo aliniweza. Mumewe Gebreyes alikwisha fariki, binti yake yuko Beirut anafua nguo za watu, na nyumba yote ile ilibaki na yeye na kuku wake mmoja. Kahawa alikuja kunywa kwangu, maana ya kunywa peke yako haipiti kooni. Kila asubuhi nilipita nikausukuma mlango wake, nimwone yu hai, ndipo niende zangu sokoni.

Basi ikafika zamu yake. Sisi wanawake wa kanisani tuna chama chetu cha Bikira Maria: kila mwezi, siku yake, tunakula kwa mmoja wetu, na karamu ikiisha mwenye nyumba anamkabidhi anayefuata chungu kidogo kilichofunikwa kitambaa. Chungu kikilala kwako, Mama wa Mungu ni mgeni wako mpaka mwezi unaofuata. Yeshimebet alikipokea kwa mikono miwili, akakibeba kama kichanga. Akakiwekea kimeza chake na mshumaa. Na mwezi ule, jamani, akalala! Hata mashavu yalirudi.

"Mgeni kama huyu yumo ndani, nitakufaje?" alinieleza. "Nimwachie nani amhudumie?"

"Na wezi je?"

"Waje tu, watamkuta."

Siku ya kukabidhi alimchinja yule kuku. Tukala injera, chapati zetu chachu, na mchuzi mwekundu wa pilipili mpaka machozi yakatutoka. Padri wetu, Aba Tekle, akasali. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu, nikasimama kupokea chungu. Yeshimebet akakikumbatia.

"Haendi," akasema.

Tulidhani utani. Askale, mwenye mdomo wa pilipili, akadakia, "Haya! Mwenzenu kaolewa na chungu!" Tukaangua kicheko.

Yeshimebet hakucheka. "Mkimchukua, nabaki na nani? Naogopa. Naogopa kufa peke yangu humu ndani kama yule fundi. Nimeshasema. Chekeni basi."

Hakuna aliyecheka. Niliona aibu, nikajitia kukung'uta makombo kwenye shuka langu. Mimi ndiye niliyemfanyia mzaha kuliko wote.

Aba Tekle akajisogeza, akakaa karibu naye. Mkewe alifariki angali binti mbichi, na kwetu padri huoa mara moja tu, akifiwa haoi tena.

"Mwanangu," akasema, "mimi nalala peke yangu tangu ndevu hizi zikiwa nyeusi. Na ninaogopa."

"Wewe, Aba?"

"Mimi. Nikishafunga mlango namwuliza: Bwana, uko humu ndani, au nimekufungia nje? Kila siku namwuliza."

"Anakujibu nini?"

"Hajanijibu bado. Usingizi hunipitia nikimsubiri. Lakini nikilia, najua nalia mbele ya mtu."

Yeshimebet akanipa chungu. Desturi ni kusema, Mama atufikishe mwakani, naye akasema. Tukaitikia amina. Nikamwacha anaosha vyombo, nikaenda nyumbani na mgeni wake, najiona mwizi hasa.

Asubuhi nikapita kama kawaida, nikasukuma mlango. Haukwenda. Nikasukuma kwa bega. Komeo.

Nikabisha. Kimya. "Yeshi!" Kimya. Nikasema, Mama wa Mungu, jana tu nimekutoa humu, ndiyo umeniadhibu hivi? Nikaupiga mlango kwa ngumi zote mbili, naita jina lake mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka.

Ndani mtu akakohoa.

"Nani huyo anavunja milango ya watu?"

"Ni mimi! Yeshi, umefunga?"

"Nimefunga. Nilikuwa namwuliza Bwana, nikapitiwa na usingizi." Akapiga mwayo mrefu. "Hebu niondokee, Aregash, nilale."

Sikuondoka. Nilikaa pale chini, kwenye baridi ile, nikalia kwa sauti, na yeye huko ndani akawa anakoroma.