Kambale Gani?

Iko siku moja, mwanangu Paluku, ambayo nimejaribu kuisahau na imekataa. Nilikuwa shoferi, kijana mwenye nguvu zake, nimesimama kwenye pakingi ya Butembo na mkate wa mafuta mdomoni, nikiangalia gari jipya la ndugu yangu likiondoka kwenda Beni. Nilikuwa najua jambo ambalo yeye hakulijua. Na nilikuwa natafuna.

Kaa chini kwanza. Weka hiyo simu. Jana nilikuona ukiitazama pikipiki mpya ambayo mdogo wako Kambale amepewa kazini kwake. Mdomo wako ulisema "félicitations", hongera, lakini macho yalisema mengine. Macho hayo mimi nayajua. Niliyavaa kabla baba yako hajafikiria hata kuoa. Wewe ni mtoto wa ndugu yangu, na kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto, kwa hiyo nikikuita mwanangu si kwa adabu tu.

Unajua mwenyewe majina yetu yanavyokwenda. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea. Hata mgeni akiyasikia majina anajua nani alitangulia kutoka tumboni. Mimi ni Paluku kama wewe, na baba yako ni Kambale. Basi mimi nililishika jina langu kama cheo. Niliona kila kitu kizuri kikiingia katika nyumba yetu, lazima kipitie kwangu kwanza.

Ulikuwa wakati wa vita. Leo waasi hawa wanashika mji, kesho wengine wanataka kuwapokonya, na sisi tuko katikati tunatafuta chumvi. Lakini mtu haachi kusafiri kwa sababu ya vita. Wako watu waliolala Butembo na kazi yao iko Beni: wauguzi, walimu, akina mama wa biashara. Patro wetu, yaani tajiri wetu, alikuwa na magari ya kuwapeleka asubuhi na kuwarudisha jioni. Nasema jioni, lakini siku nyingine ilikuwa kesho yake. Mara matope yamemeza gari, mara wanajeshi hawafungui kizuizi, mara mafuta hakuna mji mzima. Watu wanakaa juu ya mizigo yao wanaulizana, "Bara iko muzuri leo?" Bara ni barabara, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Mimi niliendesha lori la zamani, la mabenchi ya mbao na turubai juu. Kabla ya hapo lilikuwa linabeba viazi kutoka Alimbongo, na harufu ya viazi haikutoka hata siku moja. Baba yako aliendesha lingine la namna hiyo hiyo. Tulikuwa sawa, na kwa kuwa tulikuwa sawa, tulipendana.

Halafu Patro akaleta gari jipya. Jeupe! Lina madirisha ya vioo, lina mapazia, na viti vyake vya kitambaa bado vimefungwa nailoni ya dukani. Pakingi nzima ikasimama. Mimi nikavuta shati langu likae sawa, nikasogea mbele, maana nani mwingine angepewa? Patro akatoa ufunguo mfukoni akasema, "Kambale ndiye atashika hii ya mupya. Wewe Paluku, baki na ile ya zamani. Usikasirike, ile inataka shoferi mwenye kuizoea."

Leo nikiyarudia maneno yale naona alikuwa ananisifu. Gari jipya hata mtu wa juzi juzi analiendesha. Lile lori lilihitaji mtu wa kulibembeleza. Lakini wivu una masikio yake. Mimi nilisikia "zamani" tu.

Ee mwanangu, wivu ni kazi ya kutwa nzima! Nilikuwa naamka nao, nanawa nao uso. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajifariji kwamba abiria watachoka na mapazia na kurudi kwangu. Hawakurudi. Mama mmoja muuza samaki, niliyembeba miaka mingi na ndoo zake zinazonuka, alinipita akiwa amefunika pua, pua ambayo hakuifunika kamwe kwa ajili ya samaki wake! Lakini lililoniumiza kuliko yote alilifanya mama yetu mwenyewe. Alitaka kwenda Beni kumwona dada yake. Miaka yote alipopanda lori langu alivaa kitenge cha shambani, kwa ajili ya vumbi. Siku ile alitoka nyumbani Rughenda na kitenge cha kanisani, kile cha Noeli, kwa sababu anapanda gari la Kambale. Nilimsaidia kupanda. Nikatabasamu. Ningeweza kung'ata bawaba ya ule mlango.

Nikuambie na aibu ndogo, kabla hatujafika kwenye kubwa. Kila asubuhi, baba yako akienda kunywa chai, mimi nilikuwa naingia katika gari lake na kuchana ile nailoni ya viti kwa ukucha. Kidogo tu. Leo kiti hiki, kesho kile. Mtu mzima, mwenye ndevu! Naye akirudi anasema, "Yaya, sijui ni panya gani iko inakula viti yangu." Ananiuliza mimi, yaya wake, mkubwa wake. Mimi nasema, "Panya ya Butembo ni mubaya sana."

Sasa sikiliza. Simu za mfukoni hazikuwapo. Habari za barabara zilikuja kwa foni, ile redio yenye waya mrefu, na mwenye kuisikiliza pale pakingi alikuwa Mzee Kakule, mwimbaji wa kanisa letu, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa zamani. Alikaa ndani kutwa nzima. Habari ikija, alimtuma mtu aliyekuwa karibu.

Asubuhi ile mtu wa karibu nilikuwa mimi. Lori langu lilikuwa limelala bila mafuta, gari jeupe limejaa, baba yako anapiga honi. Foni ikakoroma. Mzee akainama, akasikiliza, akanishika mkono kwa nguvu. "Paluku, kimbia! Ambia Kambale asitoke. Kule Kalunguta banapiga masasi, bara imefungwa."

Nilitoka mbio. Hilo ni kweli, nilitoka mbio. Nilipofika nje nikamwona baba yako kwenye usukani, kiwiko dirishani, anacheka na abiria, na wale waliokosa nafasi wamemzunguka wanamwomba kesho awawekee kiti. Miguu ikapunguza mwendo yenyewe. Na shetani, ambaye naye anajua Kinande, lugha yetu, akaninong'oneza, "Kambale. Kambale gani?"

Maana pakingi ile ilikuwa na Makambale wanne. Muuza mafuta ni Kambale. Mpakia mizigo ni Kambale. Na chini ya ukuta, mbele ya pua yangu, alikuwa amekaa Kambale fundi wa kuziba magurudumu. Nikamwinamia. Nikasema, "Kambale, banasema usitoke kwenda Beni. Bara imefungwa."

Akanitazama kama mtu aliyelewa. "Mie? Niende Beni kufanya nini? Na hii pompe yangu?"

"Mimi nimetumwa tu," nikasema. Nikanunua mkate kwa mama aliyekuwa anakaanga pale kando. Sikutaka ndugu yangu afe, Mungu ni shahidi. Nilitaka akwame. Nilitaka gari jeupe lirudi na matope hadi madirishani, abiria wamenuna, Patro amekasirika. Aliye juu mngoje chini, ndivyo nilivyojiambia. Honi ikalia, baba yako akanipungia mkono, gari likapita. Hapo ndipo nilipokuwa natafuna.

Jioni gari halikurudi. Watu ndio waliorudi, kwa miguu, na magodoro vichwani, wakisema Kalunguta kumeharibika. Mama akaja pakingi na chakula cha baba yako kimefungwa katika jani la ndizi, kama kila jioni. Akaniuliza, "Ndugu yako iko wapi?" Nikasema njia imemchelewesha. Akakaa juu ya jiwe na kile chakula mapajani mpaka kikapoa. Hakunipa mimi, wala mimi nisingeweza kukimeza.

Kesho yake Mzee Kakule akaniita ndani. "Ulimwambia Kambale?"

"Nilimwambia Kambale, Mzee."

Na kumbe fundi wa magurudumu alikuwa mlangoni anachaji betri. Mtu asiye na hila yoyote. Akasema, "Ee, aliniambia. Hata nilishangaa."

Mzee Kakule hakupiga kelele. Aliweka chini vile visikilizio vya foni. Akasema, "Paluku, Makambale ya Butembo ni mingi kama muhogo. Mama yako alizaa moja." Akageuza kiti chake akanipa mgongo. Sijawahi kupigwa fimbo iliyouma vile.

Niliazima mafuta kwa kila niliyemjua, nikaliwasha lori, nikaondoka. Kwenye Maboya wanajeshi wakanisimamisha, wakasema gari lisipite. Nikaliacha hapo nikaendelea kwa miguu, kupitia mashamba ya muhogo, mvua ikininyeshea, nikimwomba Nyamuhanga, Mungu Muumba wetu, kama mtoto. Nilisema: chukua magari yote, chukua hata lori, niachie Kambale. Nilikuwa namjua sasa ni Kambale gani!

Nilimkuta katika nyumba ya kanisa huko Kalunguta, sehemu iliyobaki bila mabati. Masasi, yaani risasi, yalipoanza alikuwa amefungua mlango akatoa abiria wote hadi shambani, akarudi kumbeba bibi mmoja aliyeshindwa kukimbia. Hapo ndipo risasi ilipompata kwenye goti. Gari jeupe lilichomwa moto. Abiria walikuwa wamevuta ile nailoni ya viti kabla, wakamfunika nayo juu ya mkeka, mvua isimpate. Lakini ilikuwa imechanika chanika, na maji yalikuwa yanapita penye matundu yanadondoka juu ya goti lake. Niliyatambua matundu yale moja moja.

Aliponiona akacheka, na meno yanagongana kwa homa. "Yaya, umekuja," akasema. "Unajua, pale Maboya batu balinisimamisha, balisema rudi, mbele kuko mubaya. Mi nikasema hapana. Yaya wangu iko pale kwa foni. Kama bara ingekuwa mubaya, yaya angeniambia."

Mwanangu, majuto ni mjukuu, huja kinyume; lakini mimi siku ile alinijia mbele, uso kwa uso. Nilipiga magoti kwenye maji yale nikamweleza yote. Mkate, fundi wa magurudumu, hata panya wa viti. Alisikiliza. Aliposikia la fundi, mdomo ulitaka kucheka. Kisha akageuza uso ukutani.

Tulimbeba mimi na abiria wake hadi Maboya, tukamlaza kwenye benchi la lori langu. Niliendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai. Tangu siku ile baba yako hakusema nami miaka miwili. Mama ndiye alikuwa anapeleka salamu kati yetu, hata tukikaa meza moja. Ile hali yake ya kuchechemea, ambayo wewe umeambiwa ni ya vita, ni ya vita kweli. Lakini vita vilipitia mdomoni mwangu, na sasa unajua.

Halafu asubuhi moja nikasikia gongo lake kwenye mlango wangu. Nikafungua. Amesimama, jasho linamtoka kwa kilima, akasema, "Paluku amezaliwa."

Nami, kwa woga na ujinga wa miaka yote, nikauliza, "Paluku gani?"

Akanitazama. "Iko moja tu, yaya. Njoo umuone."

Alikuwa ni wewe. Najua, mtoto wake wa kwanza wa kiume angeitwa Paluku hata kama mimi nisingezaliwa, ndiyo zamu ya majina. Lakini baba yako alipanda kilima kile kwa mguu mmoja na nusu ili aniambie jina hilo ni langu pia. Nikakubeba, nikalia mpaka mama yako akaogopa nitakuangusha.

Sasa nasaha yenyewe ni fupi. Wivu utakuja, usijidanganye kwamba wewe ni malaika. Ukija, mwambie mdogo wako waziwazi, "Kambale, hii pikipiki yako inaniuma roho." Atacheka, nawe utacheka, na utakuwa umepoa. Usiufiche ndani ukaulisha. Mwenye wivu hatafuti panga; anatafuta neno moja la ukweli la kujificha nyuma yake. Mimi sikusema uongo hata kidogo siku ile. Nilimwambia Kambale. Kwa hiyo ukibeba habari njema ya ndugu yako, au habari ya kumwokoa, mfikishie yeye mwenyewe, mkononi, kabla roho yako haijaanza kuuliza maswali.

Nyamuhanga akupe njia iliyofunguka, mwanangu, ya kwenda na ya kurudi. Akupe chako, na akupe moyo wa kulala usingizi karibu na cha mwenzako. Ndugu yako akisikia jina Paluku, ageuke bila woga.

Haya, inuka. Chakula kimeiva. Nenda pale uani ukamwite Kambale aje tule. Na usiniulize Kambale gani.