Palizi ya Wiki ya Kuripoti Chuo

Asubuhi ile shambani tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, kitinda mimba wetu, baba mdogo, na jirani yetu wa mtaani Lizaboni, mjane tunayemwita Mama, aliyekuja na mkwewe kutusaidia palizi. Kwetu ukipaliliwa shamba, nawe unarudisha siku. Hakuna anayeandika, na hakuna anayesahau.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini, magugu yakiyafukuzia. Jumatatu mdogo wangu alitakiwa kuripoti chuo cha ufundi, fani ya umeme. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa bado.

"Subirini matokeo," baba mdogo alisema, ameegemea jembe. "Akifaulu vizuri je? Mtoto wa kidato cha tano mnampeleka akapande nguzo?"

"Shemeji, leo unapalilia kwa mdomo," Mama alimjibu bila kuinuka.

Tulicheka, naye akacheka. Lakini neno lake liliniingia. Niliacha shule kidato cha pili, wazazi walipofariki, na miaka yote nilikuwa namwona mdogo wangu ndani ya sare ya kidato cha tano, kisha chuo kikuu. Sikujua njia nyingine. Umeme aliuchagua mwenyewe. Tangu shule ya msingi alikuwa akifungua pasi na redio za majirani, na nyingi zilipona. Mwalimu wake aliwahi kuniambia, "Usiulize tu amepata ngapi. Uliza akimaliza ataamka asubuhi afanye nini."

Nikamgeukia. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Aliendelea kulima. "Nitabaki, Dada. Si kwa ajili ya matokeo. Nikiondoka, shamba hili utalimaliza na nani?"

Baba mdogo akadakia, "Umeona? Avune kwanza. Chuo hakikimbii."

"Kinakimbia, Baba mdogo," nikasema. "Asipofika, nafasi atapewa mwingine. Hata mimi niliambiwa nitarudi shule tukishavuna."

Tangu niambiwe vile tumevuna mara nyingi.

Mama alikuja akamtoa mdogo wangu jembe mkononi. "Nenda kafue nguo zako, mwanangu. Mistari hii naimaliza mimi."

Mdogo wangu alisimama akinitazama. Nikamwonyesha njia kwa kidevu, akaenda. Baba mdogo akatema mate viganjani, akashika mstari wa kando ya Mama, na siku hiyo alilima kweli.

Matokeo yalitoka akiwa chuoni. Yalikuwa mazuri, kidato cha tano angekwenda. Alinipigia simu, akanisomea alama zake. Kisha akaniambia kwamba wamefundishwa kufunga swichi, na taa yake iliwaka. Siku nyingine bado najiuliza. Lakini nikisikia anavyoieleza kazi yake, sijiulizi kwa muda mrefu.

Mkwe wa Mama nilimrudishia siku yake msimu uleule. Kwa Mama mwenyewe nilipofika na jembe, alinizuia mlangoni.

"Wewe sikudai. Ninayemdai ni yule aliyeniachia mistari. Nyumba yangu hii haijafungwa hata waya mmoja. Mwambie asome, nitangoja."

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, hajaruhusiwa bado kufunga umeme peke yake. Mama anaendelea kuwasha tochi, na siku yake hatujairudisha.